Mgeni wa Siku ya Tatu: Mnubi wa Kibra, Mkongomani wa Kawangware na Lugha Zao

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufunzwa shuleni kama onyo kwa wavivu, na ni nadra mwalimu kuuliza swali la pili lililojificha ndani yake. Baada ya kupewa jembe, akalima, akavuna na kuzika wazee wake katika ardhi ile ile, mgeni huyo sasa huitwa nani? Na mtoto wake, ambaye hakutoka kokote bali alizaliwa papo hapo, ni mgeni wa siku ya ngapi? Katika Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya Nairobi iliyo pande mbili za Barabara ya Ngong, swali hili huulizwa kila kijana anapofikisha umri wa kuchukua kipande. Huulizwa mapema zaidi darasani, pale mtoto anapofungua kinywa.

Kwa Mnubi, bunduki ilitangulia jembe. Mababu wa Wanubi wa Kenya walikuwa askari kutoka Sudani waliotumikia serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha. Maasi ya Mahdi yaliwakatia njia ya kurudi, na mwaka 1891 Frederick Lugard akawachukua kuwa askari wa kampuni ya Waingereza huko Uganda. Kutoka hapo wengi wao waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, wakapigana vita visivyokuwa vyao katika nchi zisizokuwa zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliwekwa katika msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi, nao wakauita Kibra, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo hilo la ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Hatimiliki hawakupewa. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter kati ya 1932 na 1934 ilieleza kwamba Wasudani hao walikuwa wapangaji tu, wanaokaa hapo kwa hiari ya serikali. Askari aliyetumikia Taji hadi mvi zikamwota aliambiwa kwamba nyumba yake ni ya kuazima.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, neno la Carter halikufutwa. Mitaa ya Ayany, Olympic na Fort Jesus ilijengwa katika ardhi ile ile, na Mnubi akabaki bila kutajwa miongoni mwa makabila ya nchi. Katika sensa aliwekwa kwenye kapu la "wengineo". Kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 hakupata kitambulisho kama mwenzake wa kabila jingine aliyesoma naye dawati moja. Aliitwa mbele ya kamati ya kumhoji, akatakiwa kuleta hati za babu, na pengine za babu wa babu, ili athibitishe kwamba hakuvuka mpaka juzi. Ni ajabu ya aina yake kwamba serikali ilimdai mjukuu karatasi ambazo serikali yenyewe ilikataa kumpa babu.

Mapambano ya kisheria yalikuwa marefu. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, katika uamuzi wake wa kwanza kabisa kuhusu shauri lililowasilishwa kwake, ilisema kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwamo haki ya uraia tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaipa jamii hiyo ushindi. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya ekari 288, takriban sehemu moja ya kumi na tano ya msitu wa mwaka 1918. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kukomesha utaratibu wa kuwahoji kipekee waombaji wa vitambulisho kutoka baadhi ya jamii. Haya yote yana uzito. Lakini mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuuliza ni nini kilichotokea ndani ya nyumba za Makina na Lindi katika miaka hiyo mia moja ambapo karatasi zilikuwa zikitafutwa.

Kilichotokea ni kwamba lugha ilijificha. Mtoto aliyeitwa Msudani na wenzake, au Mwarabu, au mtu wa kuja, alijifunza upesi kwamba Kinubi ni cha nyumbani na Kiswahili ni cha njiani. Ndivyo ilivyo kwa lugha nyingi za Kenya, atasema mtu. Tofauti ni kwamba Mluo wa Gatwekera anayeacha Kijaluo mlangoni ana Kisumu ya kurudi wakati wa likizo, ambako lugha hiyo inatawala soko na kanisa. Mnubi hana mashambani. Kibra ndiyo mashambani kwake. Akiiacha lugha yake mlangoni mwa nyumba ya Makina, hakuna kwingine atakakoikuta ikimngoja, isipokuwa kwa jamaa walio Mombasa, Kisumu, Kibigori au Uganda, nao wana shida zile zile.

Na lugha yenyewe ni hazina. Kinubi ni krioli ya Kiarabu, iliyozaliwa kambini miongoni mwa askari wa makabila mengi waliolazimika kuelewana. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, lakini mnyambuliko mzito wa vitenzi vya Kiarabu umeachwa, na mahali pake pamesimama viambishi vichache vinavyotangulia kitenzi: gi- kwa tendo linaloendelea, bi- kwa tendo lijalo. Neno ana, ambalo kwa Mswahili humsema mtu wa tatu aliye na kitu, kwa Mnubi ni mimi. Neno moyo ni maji. Mwanafunzi aliyezoea kusikia kwamba Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu angepata hapa mfano wa safari ya kinyume, yaani Kiarabu kilichobadilishwa mwili na Waafrika hadi kikawa chao. Bernd Heine alichapisha kitabu kuhusu Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na Xavier Luffin akachapisha chake kuhusu Kinubi cha Mombasa mwaka 2005, kwa Kifaransa. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kuijua lugha inayozungumzwa mwendo wa matatu moja kutoka chuoni kwake ashike kwanza Kiingereza na Kifaransa.

Kujirudishia nafsi, kwa upande wa Wanubi, kulianza na mambo yanayoonekana madogo. Katika sensa ya 2009 walihesabiwa kwa jina lao kwa mara ya kwanza, wakapatikana 15,463. Jina la mtaa nalo lilikuwa limepinda katika ndimi za wapangaji na makarani, Kibra ikawa Kibera. Mwaka 2013, jimbo jipya la uchaguzi lilipokatwa kutoka Lang'ata, liliitwa Kibra. Herufi moja imeondolewa, na kwa aliyezaliwa hapo ni kama kurudishiwa msitu mzima. Katika arusi, gurbaba huvaliwa na ngoma ya doluka hupigwa mchana kweupe, mbele ya majirani wa makabila yote. (Umma wa Nairobi, ikumbukwe, kwa miaka mingi uliujua utamaduni wa Kinubi kwa kitu kimoja tu, pombe kali iliyogemwa na akina mama wa Kibra, ambayo Waingereza waliiita jini ya Kinubi. Ni urithi pia, ingawa wazee wa msikiti hawapendi utajwe.)

Hata hivyo, haifai kuisimulia habari hii kana kwamba ni hadithi ya watakatifu. Mwishoni mwa 2001 mapigano yalizuka Kibera baina ya wenye nyumba, wengi wao Wanubi, na wapangaji, wengi wao Waluo, kwa sababu ya kodi. Katika mapigano yale mgeni wa zamani alimpata mgeni wake mwenyewe. Utambulisho ukifungamanishwa mno na ardhi, kila mpangaji wa Laini Saba au Soweto huonekana mvamizi, ilhali naye ana mtoto aliyezaliwa hapo na asiyejua kwingine. Ndiyo sababu hoja ya lugha ina nguvu kuliko hoja ya ekari: ekari moja haiwezi kumilikiwa na wawili bila ugomvi, bali doluka inaweza kuchezwa na yeyote aliyealikwa.

Ng'ambo ya Barabara ya Ngong, Kawangware, mambo ni mageni zaidi na pengine machungu zaidi. Huko wanaishi Wakongomani waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996 na vingine vya 1998, pamoja na Wanyarwanda waliofika baada ya 1994. Watoto wao waliozaliwa Nairobi sasa ni watu wazima, na wengine wana watoto. Katiba ya 2010 humpa uraia wa kuzaliwa mtoto ambaye mama au baba yake ni raia. Mtoto wa wakimbizi wawili haguswi na kifungu hicho, hata kama hajawahi kuliona ziwa Kivu. Desemba 2012 serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini, na Mahakama Kuu ikalibatilisha agizo hilo Julai 2013. Kwa hiyo mtoto huyo amekulia katika mji ambao wakati wowote ungeweza kumwambia kwamba kwao ni Kakuma.

Mnubi alificha lugha tofauti na Kiswahili. Mkongomani huja na Kiswahili, na hicho hicho Kiswahili ndicho kinachomfichua. Husema batoto pale ambapo mwalimu anataka watoto. Husema niko nakula, na darasa zima hucheka. Husema katoto kwa mtoto mdogo, akaandikiwa kosa kwa wino mwekundu. Lakini hebu mtu asimame kituo cha magari ya 46 asikilize Wanairobi wenyeji: kagari, kamtu, kanyumba. Kiambishi ka- cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu hakina, kimeenea katika usemi wa mji mzima kutokana na lugha za Kibantu za bara. Akikitumia kijana mwenye kipande, wasomi huandika makala kuhusu ubunifu wa Sheng. Akikitumia mtoto wa mkimbizi, huitwa Kiswahili kibovu. Umbo ni moja na maana ni moja. Kilichotofautiana ni karatasi iliyo mfukoni mwa msemaji.

Kejeli hiyo huongezeka mtu akikumbuka muziki. Super Mazembe, Les Mangelepa, Samba Mapangala na Orchestra Virunga: Nairobi ya miaka ya 1970 na 1980 ilicheza usiku kucha kwa sauti za Wakongomani hao, na hakuna aliyewauliza upatanisho wa kisarufi. Lafudhi iliyopendwa ukumbini ndiyo inayochekwa darasani.

Mwalimu mwaminifu atajibu kwamba mtihani wa taifa haumjui Kinubi wala Kingwana, na kwamba kumfundisha mtoto Kiswahili sanifu ni kumpa ufunguo. Jibu hilo ni la kweli, na hakuna anayedai kwamba batoto ipewe alama katika insha. Kinachodaiwa ni kwamba mtoto aelezwe ukweli wa kiisimu: ba- ni kiambishi cha Kibantu cha kale, jamaa wa wa-, kinachosikika pia katika lugha za Waluhya walio majirani zake wa Kawangware. Anayeelezwa hivyo hujifunza umbo la pili bila kulazimika kumwonea haya mama yake. Anayechekwa hujifunza umbo la pili na kunyamaza nyumbani. Tofauti hiyo haimgharimu mwalimu hata dakika tano.

Vyuo navyo vina lawama yake. Julai 7 ya kila mwaka, tangu 2022, Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa kwa hotuba kuhusu lugha inayounganisha Afrika. Mwaka huo huo wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikaingia na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili. Ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kuipokea Kongo kwa nderemo jukwaani na kumcheka Mkongomani darasani. Idara zinazotuma wanafunzi Lamu na Unguja kila mwaka kukusanya data za lahaja zingeweza kutuma wawili watatu Kawangware, kwa nauli ya matatu, na kuwaajiri vijana wa Kikongomani kama wasaidizi wa utafiti badala ya kuwafanya mifano ya makosa.

Kibra nayo isingojee. Watakaokwenda Makina na vinasasauti waanze na akina bibi wanaoongoza nyimbo za doluka, wawaombe ruhusa wao kwanza, na nakala ya kila kinachorekodiwa ibaki mikononi mwa jamii kabla haijafika maktaba ya chuo. Wazee hao wamekwisha kudaiwa karatasi nyingi na watu waliokuja na kalamu.