Kijana aliyeiteka Timbuktu kwa simu

Muhula uliopita, katika shule moja ya upili ambayo sitaitaja, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alifumaniwa usiku wa manane akiwa amejifunika blanketi gubigubi, simu mkononi, ilhali wenzake wamelala fofofo. Kanuni za bweni ziko bayana kuhusu simu. Kijana alirudishwa kwao kwa majuma mawili, nayo simu ikafungiwa kabatini. Adhabu hiyo siipingi. Lililonifanya nishike kalamu ni daftari lililopatikana chini ya mto wake, daftari la somo ninalolifundisha mimi, Historia na Serikali, ambalo nililetewa katika chumba cha walimu kwa kicheko na kebehi: "Haya, Mwalimu, tazama mwanao amekuwa akidurusu nini."

Nikatazama. Kurasa nne za mwisho zilikuwa na ramani ya Ulaya na Bahari ya Kati, iliyochorwa kwa kalamu ya risasi na kwa uangalifu ambao sijapata kuuona katika kazi yoyote aliyonikabidhi. Miji ilikuwa na nambari. York, moja. Caernarvon, mbili. Bruges na Antwerp, tatu na nne. Konstantinopoli ilizungushiwa duara mara tatu. Kando ya Yerusalemu alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Mwisho. Mbali. Itaasi." Na chini kabisa, ng'ambo ya jangwa la Sahara, palikuwa na Timbuktu na mshale mrefu ulioandikwa "dhahabu".

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwani katika mtihani wa katikati ya muhula niliwauliza wanafunzi wangu waeleze sababu za kustawi kwa biashara ya kuvuka Sahara, na kijana huyu huyu aliniachia ukurasa mtupu.

Mchezo wenyewe huitwa Medieval II: Total War. Ulitolewa mwaka 2006 kwa ajili ya kompyuta, na tangu mwaka 2022 unachezwa pia kwenye simu, ndiposa ukaweza kuingia bwenini chini ya blanketi. Huanza mwaka 1080. Mchezaji hujichagulia dola, mathalan Uingereza, akapewa miji michache ya kuanzia: London, Nottingham na Caen. Kutoka hapo ni juu yake. Baadhi ya maeneo ni miji inayotoa kodi na biashara. Mengine ni ngome zinazotoa wapiganaji. Mwenye miji mitupu hana askari hodari, na mwenye ngome tupu hana fedha za kuwalipa. Kadiri mji unavyokuwa mbali na makao makuu ya mfalme, ndivyo wakazi wake wanavyokuwa wepesi wa kuasi, na dini tofauti huzidisha fukuto hilo. Anayetaka kuimaliza kampeni ndefu sharti ashike mikoa 45, Yerusalemu ikiwemo.

Mchezo wa namna hii, basi, ni mtihani wa kuchagua. Hapana mchezaji awezaye kuteka kila kitu kwa wakati mmoja. Aliyechukua York na Caernarvon kwanza, miji iliyo jirani na isiyo na mfalme mwenye kuitetea, hujijengea mgongo salama kabla ya kuvuka bahari. Aliyechukua Bruges na Antwerp amejipatia bandari na masoko. Konstantinopoli ni lango baina ya bahari mbili na mabara mawili. Alishikaye lango hilo huamua nani apite. Kijana wetu aliyajua haya yote pasipo kufundishwa na mtu.

Nao si ujuzi mgeni kwetu. Mzee yeyote wa pwani anayecheza bao atakwambia kwamba mashimo 32 hayana thamani sawa. Kuna nyumba, shimo linaloanza na kete 6, na mchezaji asiye na busara huisafirisha mapema kwa tamaa ya kula kidogo, kisha akabaki kulalama. Bingwa huilinda, akaingoja zamu yake, akajua ni lini isafiri. Tumewasifu wazee hao kwa hekima. Wanao wakifanya jambo lile lile juu ya kioo cha simu, twawaita wapotovu.

Sasa turudi kwa yale maneno matatu kando ya Yerusalemu. Mwaka 1191 Richard, mfalme wa Uingereza, aliuteka mji wa bandari wa Akka, akashinda vita vya Arsuf, akashuka hadi Jaffa. Jeshi lake zima lilitamani jambo moja tu, Yerusalemu, iliyokuwa mikononi mwa Salahuddin tangu mwaka 1187. Mara mbili, Januari na Juni mwaka 1192, Richard alifika Beit Nuba, mwendo wa siku moja tu kutoka mji huo mtakatifu. Mara mbili akageuka nyuma. Wengi waliokuwa naye hawakumwelewa, na wapo ambao hawakumsamehe. Lakini hoja yake, aliyoshauriwa na watawa wapiganaji walioijua nchi ile, ilikuwa nyepesi: kuuteka mji huo pengine kunawezekana, ila nani ataukalia wakati mahujaji hawa wote watakaporejea kwao? Nguvu ya Salahuddin ilitoka Misri, kwenye nafaka na fedha. Kwa hiyo Richard akaenda kuzijenga upya kuta za Ascalon, mji ulioikalia njia ya Misri. Salahuddin naye aliuelewa ufunguo huo barabara, kwani katika mapatano ya Septemba mwaka 1192 aling'ang'ania kwamba kuta za Ascalon zibomolewe, na zikabomolewa.

Mwisho. Mbali. Itaasi. Kijana wa Kidato cha Tatu, akiwa amejifunika blanketi, aliifikia hukumu iliyomgharimu Richard heshima yake mbele ya nusu ya jeshi lake. Mimi nimeifundisha Historia miaka mingi kama orodha ya tarehe za kukaririwa, na nakiri kwamba sijawahi kumpa mwanafunzi nafasi ya kukosea uamuzi, akauona uchungu wa kukosea, akaamua upya.

Hata hivyo, msomaji asidhani nimekuja hapa kuupigia mchezo huu debe. Una uongo ndani yake, na uongo huo ni mkubwa kuliko kosa la kukesha.

Uongo wa kwanza ni mdogo, nao ni wa maji. Jeshi katika mchezo huu haliishiwi na maji hata likikaa nyikani zamu kumi. Jeshi la Wafaranga lililoziacha chemchemi za Saffuriya mwezi Julai mwaka 1187 ili kuuokoa Tiberias liliangamia Hattin likiwa hoi kwa kiu, na kwa ajili ya siku ile moja Yerusalemu ikapotea. Kwa hili nausamehe mchezo. Mchezo hauwezi kubeba kila kitu.

Uongo wa pili siusamehi. Kila mji usiomilikiwa na dola inayochezwa, mchezo huuhesabu kuwa mali ya "waasi". York ni ya waasi, Dublin ni ya waasi, na Timbuktu nayo, mwaka 1080, ni ya waasi. Tuache kwamba mwaka huo Timbuktu pengine haikuwa zaidi ya kambi ya Watuareg yenye kisima. Neno ndilo linaloniuma. Kuasi ni kumgeuka bwana uliyekuwa ukimtii. Watu wa ukingo wa Sahara walikuwa wakimtii nani wakamgeuka? Zaidi ya hayo, mji huo hautafutwi kwa ajili ya watu wake. Mchezaji humtuma mfanyabiashara asafiri kutoka Ulaya hadi huko, akasimama juu ya dhahabu au pembe za ndovu, na fedha zikaanza kumiminika zamu baada ya zamu, bila kununua, bila kupatana bei, bila kumwamkia mwenyeji. Safari ikiwa ndefu, faida nayo huongezeka. Nchi iliyomtoa Mansa Musa, ambaye alipopita Cairo mwaka 1324 alitoa dhahabu nyingi hata bei yake ikashuka, imegeuzwa shimo la kuchotea.

Na kuna jambo lililo zito kuliko hilo. Mji unapoanguka, mchezo humwuliza mshindi achague moja kati ya matatu: aukalie mji kwa amani, aupore, au awaangamize wakazi wake. Kila chaguo lina hesabu yake ya fedha na ya watu watakaosalia. Kijana alikuwa ameyaandika yote matatu katika daftari, na kando ya la pili akaweka alama ya vyema, ile ile niiwekayo mimi kwenye jibu sahihi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Mwezi Agosti mwaka 1505 Francisco de Almeida aliufikia mji wetu na merikebu zake, akiwa ametoka kuichukua Kilwa. Wareno walikuwa wamekaa na ramani kama alivyokaa kijana huyu, wakaweka nambari: Kilwa na Sofala kwa ajili ya dhahabu, kisha Goa mwaka 1510, Malacca mwaka 1511, Hormuz mwaka 1515. Kwa uchaguzi wa maeneo, sijui kama dunia imepata kuona mpango uliopangwa kwa ustadi kuliko huo. Mombasa uliporwa na kuchomwa moto. Habari zilizohifadhiwa na Wareno wenyewe zinasimulia jinsi mfalme wa Mombasa alivyomwandikia mwenzake wa Malindi kumweleza aliyoyakuta aliporejea mjini: wakubwa kwa wadogo wameuawa, hata watoto. Katika mchezo, hilo ni kubofya mara moja.

Na je, dhahabu? Hapa ndipo mchezo unapowadanganya hata wale wasiojali ila faida. Wareno waliishika Sofala, wakaijengea ngome, wakangoja. Dhahabu ikaja kiduchu. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani, waliozijua njia za bara na wenye ndugu na wakwe huko, walihamishia shughuli zao Angoche na bandari nyinginezo. Ngome ya Kilwa ikaachwa mwaka 1512, miaka saba tu baada ya kujengwa. Katika simu, mwenye kukalia machimbo huvuna hadi mwisho wa mchezo. Katika Sofala, dhahabu ilikuwa imefungamana na watu, na watu walipoondoka iliondoka nao.

Baada ya majuma yale mawili kijana alirudi. Nilimwita, nikamketisha, nikamwuliza kwa nini alichagua kupora.

"Mwalimu, kupora kunalipa zaidi," akajibu, macho chini.

"Na wale watu?"

"Watu gani, Mwalimu?"

Sikumwona mkaidi. Swali lilikuwa la kweli: katika kioo chake hakuwaona. Walikuwa tarakimu iliyopungua. Nikaona pia kwamba katika madarasa yangu mwenyewe, ninapoandika ubaoni "sababu tano za kufaulu kwa Wareno", watu wa Mombasa huwa hawamo vilevile. Kijana hakujifunza kwa simu peke yake.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wanaotaka michezo hii ichomwe moto wakae kwanza na mwanafunzi mmoja na ramani yake. Wamwulize kwa nini ameanza na mji huu na kuuacha ule. Watashangaa kuona jinsi anavyoijua Sicily, ambayo darasani aliitafuta Asia. Kisha wamwulize la pili, ambalo mchezo haulijui: mwenye mji ule alikuwa nani, na siku ya pili baada ya kutekwa aliamkaje? Ramani ile ile, kalamu ile ile. Tofauti ni kwamba jibu halimo ndani ya simu, itabidi aende maktabani.

Naanza na wangu. Daftari lake bado limo katika dawati langu, na amenijia mara mbili kulidai kwa sababu mtihani umekaribia na maandishi yake ya muhula mzima yamo humo. Nimemwahidi kumpa siku atakayoniletea ukurasa mmoja kuhusu Timbuktu, wenye jibu la swali moja: waasi, waasi wa nani? Alhamisi iliyopita aliniuliza kama Mansa Musa alikuwa mtu wa kweli.