Pakiti Moja, Bilauri Ngapi?



Juma lililopita niliitwa kumtazama mtoto wa jirani aliyeshikwa na kuhara. Nilimkuta mama yake, binti niliyemsomesha chuoni, amekwisha kumimina pakiti nzima ya ORS katika bilauri moja ya maji. Nilipomwuliza sababu, akanijibu, "Sheikh, nataka ikolee, impate upesi."

Nia ilikuwa njema; hesabu ndiyo iliyopotoka.

Ukolezi wa mmumunyo ni uzito wa kilichoyeyushwa ukigawanywa kwa ujazo wa mmumunyo wenyewe. Pakiti ile ilikuwa ya lita moja, yenye gramu 20.5: glukosi 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, na zilizosalia ni chumvi nyingine mbili. Katika lita moja, ukolezi ni gramu 20.5 kwa lita. Bilauri yake ilikuwa ya mililita 250, yaani robo lita. Gawanya 20.5 kwa 0.25, utapata gramu 82 kwa lita: mara nne ya kiasi.

Wala mara nne si nguvu mara nne. Maji huvutwa kuelekea penye ukolezi mwingi. Mmumunyo mkali huyatoa maji mwilini na kuyaingiza utumboni; kuhara huzidi, chumvi ya damu hupanda, na mtoto aweza kushikwa na degedege. Maji nayo yakizidi, chumvi aliyopoteza mtoto hairudi kwa kiasi chake.

Alhamdulillahi, mtoto alikuwa hajanywa. Hatukuimwaga dawa; tuliongeza bilauri 3 za maji safi. Gramu ni zile zile, maji yakawa lita moja, ukolezi ukarudi 20.5.

Basi mama zangu, someni pakiti kwanza, kwani nyingine ni za nusu lita. Pimeni kwa chupa iliyoandikwa ujazo wake, maana bilauri hazilingani. Pakiti ikikosekana, tieni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa, au akihara damu, mpelekeni hospitali bila kukawia.

Mali ya maiti twaigawa kwa sudusi na thumni tusikosee hata shilingi. Maji ya mtoto aliye hai yastahiki uangalifu uo huo.

Wabillahi tawfiq.