Saa ya mfukoni kuhamia mkononi: usiulize kama ni orijino

Wadau, kuna saa moja ambayo ikitajwa tu mabishano hayaishi. Ni saa ya mfukoni ya enzi za mababu: mashine yake imechomolewa, ikatiwa kwenye kasha jipya, ikafungwa mkanda, sasa inauzwa kama saa ya mkononi. Muuzaji anaiita "antiki ya 1905". Mnunuzi anauliza: ni orijino?

Mimi nasema swali hilo halina jibu la maana. Saa iliyogeuzwa haiwezi kuwa orijino yote. Inaweza kuwa imeuzwa kwa ukweli au kwa uongo, basi.

Tuanze na kuichunguza. Saa ina mambo makubwa matatu: mashine, kasha na uso. Umri unasomwa kwenye namba iliyochongwa kwenye mashine. Kwa saa za Marekani kama Waltham, Elgin na Hamilton, zipo orodha za namba hizo mtandaoni zinazoonyesha ilitengenezwa lini. Lakini mashine ya 1905 haifanyi kasha liwe la 1905. Na msikimbilie kusema feki eti kwa sababu namba ya kasha hailingani na ya mashine. Zamani viwanda vya Marekani viliuza mashine peke yake, na mteja akachagua kasha dukani.

Pili, tazama kitufe cha kutilia ufunguo. Kwa kawaida saa ya mfukoni isiyo na kifuniko mbele ina kitufe kwenye 12 na duara la sekunde kwenye 6. Ukiizungusha mashine ili kitufe kikae kwenye 3, sekunde zinahamia kwenye 9. Hapo uso wa zamani haufai tena, lazima uwekwe mwingine. Zile zenye kifuniko ndizo zilikuwa na kitufe kwenye 3 na sekunde kwenye 6 tangu kiwandani. Kwa hiyo ukikuta sekunde kwenye 9 na muuzaji anaapa kwamba uso ni ule ule wa saa ya babu, hilo ni changa la macho.

Tatu, ogopa hadithi tamu. Mashine za Molnija, zilizotengenezwa Chelyabinsk enzi za Sovieti, hukutwa ndani ya saa zenye nyuso mpya zilizochapwa nembo za majeshi au majina makubwa ya Uswisi. Mashine ni nzima, uongo uko usoni.

Ila ukubwa peke yake si ushahidi. IWC ya Uswisi ilianza kutoa Portugieser mwishoni mwa miaka ya 1930. Ilikuwa saa ya mkononi yenye mashine ya saa ya mfukoni, na kiwanda chenyewe ndicho kilichoiunda hivyo.

Sasa twende kwenye hoja yangu. Vortic ni kampuni ya Colorado, Marekani, inayofanya kazi hii hii. Ilichukua mashine za zamani za Hamilton, ikatengeneza saa iitwayo The Lancaster, na jina la Hamilton likabaki linaonekana. Hamilton ikaishtaki, ikidai wateja watachanganyikiwa. Mwaka 2020 mahakama ya shirikisho New York iliipa ushindi Vortic, na rufaa ya 2021 ikaishia hivyo hivyo. Kilichoibeba sana Vortic ni kwamba ilisema wazi kipi cha zamani na kipi chake. Mfano wa kisheria ulikuwa kesi ya 1947 kuhusu plagi za gari za Champion. Mahakama ya Juu iliruhusu plagi zilizokarabatiwa ziuzwe kwa jina hilo hilo, mradi ziandikwe kwamba zimekarabatiwa au zimetumika.

Aliyewahi kununua spea ya mtumba anaelewa. Hakuna anayegombana na kitu kilichotumika. Ugomvi unaanza pale kinapouzwa kama kipya, au hapa kwetu kwenye saa, kipya kinapouzwa kama cha kale.

Wapo wanaosema kugeuza saa ni kuua historia. Ni kweli, kama umevunja saa nzima iliyokamilika. Lakini makasha mengi ya dhahabu yaliyeyushwa kwa ajili ya bei ya dhahabu, mashine zikabaki yatima kwenye droo za mafundi. Mashine kama hiyo ikirudi kutembea mkononi mwa mtu, imeokolewa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize muuzaji: mashine ni ya mwaka gani na namba yake ipi? Uso na kasha vimetoka wapi? Kasha la kwanza lilienda wapi? Na ina kinga ya mshtuko? Mashine nyingi za zamani hazina, zilizoea utulivu wa mfukoni, si mkono unaogonga meza.

Akijibu yote bila kujiuma-uma, nunua kwa raha zako. Akikuambia tu "hii ni orijino, bosi", jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.