Gari lako umelipima ukiwa ndani yake?

Kwenye kipindi cha wiki jana nilisema kitu kimoja harakaharaka nikakatizwa, kwa hiyo acha nikiseme hapa ambako hakuna wa kunikatiza. Nilisema: ukinunua gari la mbio, usiguse injini kabla hujaliweka juu ya mizani, kila gurudumu na mizani yake. Wenzangu wakacheka, mmoja akaniuliza kama nafungua bucha. Kisha zikaanza kuingia meseji, nyingi kutoka Muscat na Dubai, na karibu zote zina swali moja: kwani gari si limepimwa kiwandani?

Limepimwa, sawa. Lakini halikupimwa na wewe ndani. Wala halikupimwa na zile springi na shokapu ulizoagiza mtandaoni usiku wa manane.

Fikirieni meza ya jikoni yenye mguu mmoja mfupi. Ukiiegemea inayumba, kwa sababu miguu miwili inayotazamana pembe kwa pembe ndiyo inayobeba kila kitu, na ile mingine miwili inapokezana kugusa sakafu. Mama anakunja kipande cha kadibodi, anakisokomeza chini ya mguu, mambo kwisha. Gari nalo ni hivyohivyo, ila lina springi, na springi zinaficha aibu. Matairi yote manne yanagusa chini, gari limekaa sawa machoni, kumbe pembe mbili zinabeba mzigo mkubwa na mbili zinabembea. Huwezi kuliona hilo kwa macho. Unaliona kwenye mizani, au unaliona kwenye kona, na kwenye kona ni ghali zaidi.

Mimi nililiona kwenye kona. Nina Lotus Elise ya toleo la kwanza, lile lililotoka mwaka 1996. Gari jepesi kweli, kilo mia saba na kitu, injini iko nyuma ya mgongo wako, breki hazina ABS wala hazina kifaa cha kukusaidia kukanyaga. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka gereji moja wanibadilishie springi na shokapu, ziwe zile za kupandisha na kushusha kwa kuzungusha pete. Wakafunga vizuri, wakafanya alaimenti, wakachukua rula wakapima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila tairi. Kushoto na kulia sawasawa. Nikalipa, nikashukuru.

Wiki mbili baadaye niko Snetterton, kule Norfolk, siku ya kuendesha kwa kulipia, lami ina unyevu kidogo. Kona za kulia gari likawa gumu, nazungusha usukani na pua inataka kwenda moja kwa moja. Nikajiambia ni matairi baridi. Kisha ikaja kona ya kushoto, na mkia ukatoka bila hodi. Nilizunguka mara moja na nusu nikaishia kwenye nyasi nikitazama nilikotoka. Sikuumia, gari halikugonga kitu. Lakini mdogo wangu alikuwa kiti cha pembeni, na kimya chake njia nzima ya kurudi nyumbani bado nakisikia. Mama hajui mpaka leo, na kama kuna shangazi anasoma hapa, tafadhali.

Safari ya pili nikatafuta mtu mwenye mizani. Baba akasema anakuja, maana alitaka kuona gari gani hili linalotaka kumuua mwanawe. Ikawa bahati, kwa sababu kazi hii inahitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha dereva huku dereva mwenyewe akitazama namba, na mimi na Baba uzito wetu ni mmoja, kilo 78. Fundi akamwambia akae, ashike usukani, asitikisike. Baba akakaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Baada ya dakika kumi akauliza kwa upole, "Mwanangu, nipumue?"

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Sakafu lazima iwe sawa kabisa pale magurudumu yanapokaa, tofauti ya milimita chache tu inaharibu namba zote, ndiyo maana fundi alipitisha pima maji kwenye mizani zote nne na kuweka vibati chembamba chini ya mizani mbili kabla hata hajagusa gari. Upepo wa matairi uwe ule unaotumia kweli. Tangi liwe na mafuta ya kiasi unachoendeshea, langu tuliliacha nusu. Stabilaiza inafunguliwa upande mmoja, kwa sababu ikiwa imejikunja hata kidogo inavuta pembe moja na kukuletea namba za uongo. Halafu gari linasukumwa mbele na nyuma na kubonyezwa ili springi zitulie. Na dereva ndani. Mtu akikwambia amesawazisha gari lako na kiti kilikuwa kitupu, mwombe pesa yako.

Namba zetu za kwanza: mbele kushoto kilo 169, mbele kulia 147, nyuma kushoto 227, nyuma kulia 277. Jumla 820. Sasa usitazame upande kwa upande, tazama pembe kwa pembe. Mbele kulia na nyuma kushoto zimebeba 374. Zile nyingine mbili zimebeba 446. Tofauti ya kilo 72, yaani karibu Baba mzima kakaa juu ya mguu mmoja wa meza! Ukikata kulia, uzito umelundikana kwenye tairi la mbele la nje na la nyuma la ndani, pua inagoma. Ukikata kushoto mambo yanageuka, na mkia ndio unaokimbia. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi la mbele kulia, ambalo halina mzigo, linajifunga kwanza. Kila kitu kilichonitokea Snetterton kilikuwa kimeandikwa pale kwenye skrini ndogo.

Na rula je? Bodi ya Elise ni ya faibaglasi, imefungwa juu ya chasi ya alumini. Ukingo wake haukukusudiwa kuwa kipimo. Wale mafundi walipima nguo wakadhani wamepima mtu.

Dawa yake ni kuzungusha pete. Ukipandisha springi ya pembe moja, pembe hiyo inapata uzito, na ile inayoitazama nayo inapata, huku mbili nyingine zinapungua. Milimita chache hapa, chache pale, sukuma gari, bonyeza, soma tena. Saa mbili na nusu. Mwisho: 151 mbele kushoto, 165 mbele kulia, 245 nyuma kushoto, 259 nyuma kulia. Pembe kwa pembe 410 na 410.

Mtaona upande wa kulia bado una kilo 28 zaidi. Hiyo huwezi kuiondoa kwa pete, hata uzungushe mpaka kesho. Mzigo wa kulia na kushoto, au wa mbele na nyuma, unabadilika kwa kuhamisha vitu tu: betri, kiti, au wewe mwenyewe. Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, alipobuni McLaren F1 iliyozinduliwa mwaka 1992, alimweka dereva katikati kabisa ya gari. Sisi wengine tunakaa pembeni na kuvumilia.

Kuna mafundi wanaonipinga, na hawasemi upuuzi. Wanataka magurudumu ya mbele yawe sawa kwanza, ili breki zishike pamoja. Kwa gari langu ingekuwa 158 kila upande, na pembe moja ingebaki na asilimia 48 na kidogo. Kwa gari lisilo na ABS naielewa hoja yao. Mimi bado nachagua nusu kwa nusu, kwa sababu nataka kona ya kushoto na ya kulia zinizungumzie lugha moja.

Sasa ugomvi wangu halisi. Nililipa pauni 240. Binamu yangu wa Muscat mwaka huohuo alitumia zaidi ya mara kumi ya hizo kwenye turbo na ekzosi, na gari lake ameliteremsha chini kwa macho tu mpaka linafanana na stika. Ana nguvu za farasi ambazo hajui zinatua kwenye tairi lipi. Hatununui mizani kwa sababu mizani haina sauti na haionekani kwenye Instagram. Najua, nilikuwa hivyo.

Kama gari lako ni la kwenda kazini na madukani, sahau haya yote, springi zenyewe hazirekebishiki, nenda zako salama. Nasema na wale mnaoenda usiku Yas Marina, mnaojipanga Silverstone, mnaomchukua mdogo wenu kiti cha pembeni.

Binamu amenitumia ujumbe wa sauti jana. Dakika nne za kunicheka, kisha mwishoni, sauti ikiwa ya chini kidogo: "Sasa hiyo mizani, huku inapatikana wapi?"