Mwandishi na Chombo Chake

Nchi iliyowatoa Muhammed Said Abdulla, Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, na ambayo mzaliwa wake Abdulrazak Gurnah alitunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021, haiwezi kuambiwa kuwa haina la kuandika. Linalotushughulisha leo ni jambo ambalo kwa kulitazama ni dogo, nalo ni chombo anachokitumia mwandishi wetu kijana kuyaweka maneno yake.

Kijana mmoja wa Wilaya ya Micheweni alitujia afisini hivi karibuni na kompyuta ya kuazima kwapani. Ndani yake mlikuwa na riwaya yake ya kurasa zaidi ya mia mbili, aliyoiandika kwa programu ya kukodi kwa mwaka. Kodi imekwisha, na programu ikamruhusu kusoma tu. Kuongeza hata nukta hawezi. Alikuwa ameshaanza kuinakili kwa mkono ndani ya daftari la skuli, na amefika sura ya tatu. Tuliifungua kwa LibreOffice, ambayo hailipiwi hata senti moja, na kazi yote haikuchukua robo saa. Hatukumcheka. Kijana yule hakuwa mjinga, ila hapakuwa na mtu yeyote, skulini wala wilayani, aliyepata kumwambia kwamba programu ya namna hiyo ipo.

Sisi tulioanzia chuoni, kwa ubao na wino wa masizi, tulikijua chombo chetu tangu kinatengenezwa. Kalamu ya mwanzi ikichakaa, mtu huichonga upya. Kijana wa leo hukuta kompyuta imekwisha kutiwa kila kitu na muuzaji wa dukani, naye hudhani kwamba ndivyo ilivyoumbwa. Basi na aanze kwa kuuliza suali moja kabla ya kutazama uzuri wa programu: nikiacha kulipa, maandishi yangu yatabaki kuwa yangu? Programu kama Scrivener, inayomwezesha mwandishi kuzigawa sura na kuzipangua kama karata, ni nzuri kweli kwa riwaya ndefu, na hulipiwa mara moja. Lakini bei yake ni ya dola. Google Docs haina malipo na huhifadhi yenyewe, ila humtaka mtu awe na intaneti, na vifurushi tunavijua sote. Kwa mwenye kuanza, sisi tunaipendelea LibreOffice. Faili zake hutumia mfumo wa wazi uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na programu nyengine nyingi zinaweza kuzisoma.

Kuna udhia mwengine ambao kila aandikaye Kiswahili anaujua. Programu nyingi huletwa zikiwa zimefunzwa Kiingereza, na ukurasa mzima wa Kiswahili safi hutapakaa mistari myekundu kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Husalimika maneno machache tu, kama "wake", "pale", "mama" na "safari", kwa kuwa nayo yamo katika kamusi ya Kiingereza! Mabaya zaidi ni pale mashine inapojifanya mjuzi ikasahihisha bila ya kuombwa. Tumewaona vijana wakibadilisha neno la kwao la Makunduchi au la Kojani kwa sababu tu mashine imelipigia mstari. Hiyo ni kasumba, ingawa imekuja kwa njia ya umeme. Mwandishi wa Marekani George R. R. Martin alieleza hadharani mwaka 2014 kwamba anaandika kwa WordStar, programu ya zamani, katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti, kwa sababu hapendi mashine imsahihishe. Na vitabu vyake ni vinene! Sisi hatumwambii mtu arudi huko; yatosha kuuzima usahihishaji huo, jambo ambalo ni la dakika moja.

Ama kuhusu kuhifadhi, wenzetu wa Unguja hawajasahau giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika kwa takriban miezi mitatu. Aliyekuwa na daftari aliendelea kuandika. Kwa hivyo hatuoni aibu kusema kwamba daftari na kalamu bado ni chombo halali cha mwandishi. Lakini karatasi nayo ina mchwa, na flashi ina virusi na kutu ya chumvi. Nakala moja iwe kwa mwandishi, ya pili iwe kwa ndugu anayekaa nyumba nyengine, na ya tatu aitume kwa barua pepe yake mwenyewe.

Tunageukia sasa kwa wenye dhamana. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya afisi kwa lugha ya Kiswahili, kazi iliyofanyika kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni afisi ngapi za Serikali zilizoitia katika kompyuta zao? Tunaliomba Baraza la Kiswahili la Zanzibar liandae orodha ya maneno ya Kiunguja, Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na liitoe bure ili iingizwe katika visahihisho vya tahajia. Wizara inayohusika na elimu nayo iamuru kompyuta za skuli zitiwe programu zisizo na kodi. Na wale wazee wetu wanaotunga kwa herufi za Kiarabu wasiachwe nyuma, kwani herufi zao zimo katika kompyuta na simu za leo. Kinachokosekana ni kijana wa kuwaonesha namna ya kuiwasha kibodi yake.

Kijana wa Micheweni amekwisha rudi kwao. Ameondoka na programu ndani ya flashi, kwa ajili ya wenzake wanne ambao nao, alivyotwambia, wanaandika.