MEZA YA KARANI: Msimamizi Aliyepunguza Muda

Mwezi uliopita alinijia ofisini, hapa Songea, kijana mmoja wa parokia yetu atengenezaye programu za kompyuta. Uso wake ulikuwa mzito. "Shikamoo, kaka," akasema. "Nimewachanganya watoto wa watu."

Alikuwa ameandika, kwa lugha ya Java, programu ya kuorodhesha watoto wa chanjo. Ndani yake alitia fungu la kulinganisha jina, mama na siku ya kuzaliwa, ili watoto wawili wenye jina moja wasihesabiwe kuwa mmoja. Mimi nitunzaye daftari la ubatizo nalijua sana jambo hili. Akina Komba, Ngonyani na Haule ni wengi kwetu, na majina ya watakatifu nayo hurudiwa kila Pasaka.

Alipoijaribu programu, jaribio lilikatika: kumbukumbu ya mashine imekwisha. Akatazama mipangilio yake, akaona ameandika gigabaiti 2. Basi akadhani ya kuwa fungu lile ni lafi, akaliondoa. Jaribio likapita. Programu ikaanza kutumika, nayo ikatumika siku tatu.

Kumbe fungu halikuwa na kosa. Chombo alichotumia kuunda na kujaribu kazi yake huitwa Gradle, nacho ndicho kiundacho kwa kawaida programu za simu za Android. Kiasi alichoandika kilimfikia mtumishi mkuu wa chombo hicho. Lakini majaribio hufanywa na mtumishi mwingine, aanzishwaye peke yake, na agizo lile halimfikii. Tangu toleo la 5.0, la mwaka 2018, huyo wa pili asipoandikiwa kiasi chake mwenyewe hupewa megabaiti 512 tu. Zamani, bila agizo, angechukua robo ya kumbukumbu yote ya mashine.

Chuoni, katika ualimu, tulifundishwa kusimamia mitihani. Karatasi ikisema saa mbili, na msimamizi akakusanya baada ya nusu saa kwa kuwa ndiyo desturi yake, mtoto akashindwa, hapo tumepima nini? Na hiyo ndiyo hesabu ya kijana wetu: robo ya alichoagiza.

Najua watengenezaji wana hoja yao. Majaribio mengi yakienda pamoja, na kila moja likachukua robo ya mashine, mashine italemewa. Tena badiliko hilo walilitangaza wazi. Lakini mtu aliyeandika 2 kwa mkono wake angalau angeambiwa ya kuwa majaribio hayakupewa 2. Ujumbe alioupata ulisema kumbukumbu imekwisha, haukusema alipewa kiasi gani.

Dawa ni fupi. Kiasi huandikwa katika sehemu ya majaribio yenyewe, kwa neno maxHeapSize. Kisha jaribio liulizwe kutoka ndani limepokea kiasi gani, maana Java hujibu swali hilo. Kijana alifanya hivyo, akalirudisha fungu lake, na jaribio likapita.

"Na zile siku tatu?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Kaka, hizo tunapitia kadi za kina mama, moja moja. Ndiyo maana nimekuja. Naomba uniruhusu nilinganishe na daftari lako."

Tulianza saa nane mchana. Hadi kengele ya jioni tulikuwa tumeona majozi manne.