Udhibiti Hausubiri Mkaguzi

Henri Fayol hakujifunza kuongoza mashirika darasani. Alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe huko Commentry, Ufaransa, na mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni iliyokuwa ikielekea kufilisika. Aliiongoza hadi 1918, akaiacha imesimama imara. Mwaka 1916, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, alichapisha kazi tano za msingi za meneja: kutazama mbele na kupanga, kuunda safu ya watu na vifaa, kuamrisha, kuratibu na kudhibiti. Vyuo vingi siku hizi vimezipunguza zikawa nne, ila kudhibiti kumebaki palepale mkiani.

Mfuatano huo, naamini, umetuponza. Kilichoandikwa mwisho tunakifanya mwisho. Kupanga tunakupenda: kuna semina, kuna mpango mkakati wa miaka mitano wenye jalada la rangi, kuna picha ya pamoja. Kudhibiti tumemwachia mkaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi na usimamizi wa vyama vya ushirika nchini Tanzania, ambaye hufika msimu umeshapita na fedha zimeshagawanywa.

Chukua chama cha msingi cha wakulima wa korosho kule Mtwara au Lindi. Kabla ya Oktoba, kupanga ni kujua magunia mangapi yatahitajika na lori litatoka wapi la kuyapeleka ghala kuu. Kuunda safu ni kuamua nani anashika mizani, nani anaandika stakabadhi, nani anatunza ufunguo wa ghala. Na hao wasiwe mtu mmoja. Hapo udhibiti umeshaanza, na gunia la kwanza bado halijapimwa.

Korosho zikikaa hupungua uzito kwa kuwa unyevu hutoka, na kila karani analijua neno unyaufu. Kilo za chamani zisipolingana na za ghala kuu, unyaufu ndio jibu la kwanza. Huenda ni kweli. Lakini kama uzito, tarehe na sahihi ya dereva havikuandikwa siku lori lilipoondoka, hakuna mkaguzi atakayeweza, miezi kadhaa baadaye, kutenganisha maji yaliyokauka na kilo zilizoibwa. Mkulima yeye ataona tu malipo pungufu baada ya mnada.

Pingamizi nalijua: hapa tunafahamiana. Karani ni mtoto wa shangazi, mwenyekiti ndiye aliyesimamia ndoa yake, na kumrudia mtu kuhesabu magunia aliyokwisha kuyahesabu ni kama kumwita mwizi mbele za watu. Hili ni pingamizi zito, zito kuliko ukosefu wa kompyuta, wala waraka wa wizara hauliondoi. Ila karani mwaminifu ndiye anayeihitaji hesabu ya pili kuliko wote. Bila hiyo, kilo zikipotea njiani hana cha kujitetea nacho isipokuwa kiapo. (Sisemi tuige ofisi ambako boksi la karatasi halinunuliwi mpaka zipatikane sahihi saba. Huko ni kuogopana.)

Wapo wanaotaka dola ndiyo ishike kila kitu. Tumeshapita huko: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali, hadi sheria ya 1982 ilipovirudisha. Msimamizi aliye mbali hupata habari zikiwa zimepoa.

Kwa hiyo toleo hili tumelipanga kinyume cha mazoea. Makala za udhibiti zinatangulia, za mipango zinafuata, na mpango mkakati tumeupa kurasa za nyuma. Wajumbe wa bodi tunawaomba waanze na makala ya daftari la ghala, kisha katika kikao chao kijacho waulize nani alilisoma mara ya mwisho, na lini.